Nyuzijoto moja, magunia mangapi?

Na Mwandishi Wetu

*Kompyuta zimekubaliana kwamba joto litayapunguza mahindi ya tambarare. Zinachobishania ni kiasi, na ubishi huo unagusa mbegu, mbolea na ghala la taifa.*

KUNA shamba la mahindi Morogoro ambalo limepandwa na kuvunwa mara nyingi kuliko jingine lolote mkoani humo, na mvunaji wake hajawahi kushika jembe. Shamba hilo limo ndani ya kompyuta. Udongo wake ni wa kweli, mvua yake ni ya kweli, na mahindi yaliyopimwa hapo yaliota kweli. Wanasayansi walivichukua vipimo hivyo wakavigawa kwa modeli 23, kila moja ikiwa imetungwa na watu wake, kisha wakaziuliza zote swali moja: joto likipanda, hapa patavunwa nini?

Majibu yalichapishwa mwaka 2014. Morogoro ilikuwa mojawapo ya sehemu nne zilizojaribiwa. Nyingine zilikuwa Ames katika jimbo la Iowa nchini Marekani, Lusignan nchini Ufaransa na Rio Verde nchini Brazil. Modeli moja moja zilipishana vibaya. Lakini zilipojumlishwa na kutafutiwa wastani, zilikaribia mavuno yaliyopimwa shambani, na wastani huo ukatoa kauli: kila nyuzijoto moja inayoongezeka huondoa karibu nusu tani ya mahindi kwa hekta.

Nusu tani ni magunia matano ya kilo mia. Kwa mkulima wa Iowa anayevuna tani kumi, hilo ni pigo analoweza kulistahimili. Mkulima wa kawaida wa Tanzania huvuna kati ya tani moja na nusu na mbili kwa hekta. Mwondolee nusu tani mara tatu, umemwachia mabua.

Je, ndivyo itakavyokuwa? Hapana, si kwa hesabu nyepesi kama hiyo. Namba ya nusu tani imebeba ndani yake mashamba ya Marekani na Ufaransa yanayolishwa mbolea ya kutosha, na kumbebesha mkulima wa Kilosa kama ilivyo ni kumwonea. Hata hivyo, namba za aina hii ndizo zinazozunguka katika mikutano ya wafadhili, katika mipango ya serikali na katika vichwa vya habari. Inafaa tujue zinapikwaje.

Mmea unaohesabu joto

Mhindi hauhesabu siku, unahesabu joto. Wazo hilo ni la zamani: Mfaransa Réaumur aliliandika mwaka 1735. Joto likiwa chini ya nyuzi nane hivi, mhindi hausogei. Likipita hapo, kila siku mmea huweka akiba. Akiba ikifika kiwango fulani hutoa mbelewele, ikifika kingine hukomaa.

Chukua, kwa mfano tu, mbegu inayohitaji akiba ya nyuzi 1,700 tangu kuota hadi kukomaa. Wastani wa joto ukiwa nyuzi 24, kila siku inaweka 16, na itakomaa kwa siku 106. Wastani ukipanda hadi 26, inaweka 18 kwa siku na kumaliza kwa siku 94. Zimepotea siku 12 za kunasa jua, zikiwemo zile za kujaza punje. Mwenye shamba anaweza kufurahi kwamba mahindi yamewahi. Mizani ndiyo itakayomwambia ukweli.

Halafu kuna wakati wa maua. Mbelewele humwaga chavua kwa siku chache tu. Chavua ikikutana na nyuzi 35 na zaidi, tena hewa ikiwa kavu, nyingi hufa kabla ya kuzifikia ndevu za hindi changa. Ndevu nazo, mmea ukiwa na kiu, huchelewa kutoka, na zinapotoka hukuta chavua imekwisha. Kila aliyemenya mahindi ya tambarare baada ya msimu mbaya amekutana na hindi lenye mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

La tatu ni maji. Hewa ya moto huyavuta kwa nguvu kutoka majanini, kwa hiyo mvua ileile iliyokuwa inatosha jana inaweza isitoshe kesho, ingawa haijapungua hata tone. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu mahindi ya Marekani ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara tunayoyaita ya joto hupitia mlango huu wa kiu. Ndiyo maana mabishano ya vijiweni kama ni jua au ni ukosefu wa mvua uliounguza mahindi huwa hayana mshindi.

> *Mvua ileile iliyokuwa inatosha jana inaweza isitoshe kesho, ingawa haijapungua hata tone.*

Wajenzi na wahesabu

Wanaotabiri mavuno wamegawanyika katika kambi mbili ambazo kwa miaka mingi zilitazamana kwa jicho la pembeni.

Kambi ya kwanza ni ya wajenzi. Hawa huujenga mmea upya ndani ya kompyuta, jani kwa jani na siku kwa siku: jua limewaka kiasi gani, mizizi imepata maji kiasi gani, nitrojeni imebaki kiasi gani. Programu zao maarufu ni DSSAT, iliyokuzwa tangu miaka ya 1980 kwa fedha za Marekani, na APSIM ya Australia. Nguvu yao ni kwamba zinaweza kuulizwa mambo ambayo hayajawahi kutokea: nikihamisha tarehe ya kupanda, je? Nikiongeza mfuko mmoja wa urea? Hewa ya ukaa ikizidi mara mbili?

Udhaifu wao uko katika yale ambayo mjenzi hakuyaweka. Modeli nyingi hazina palizi iliyochelewa. Hazina panya, hazina ngedere, na hazina viwavijeshi vamizi walioingia Afrika Mashariki mwaka 2017 hivi na kula hadi mioyo ya mimea. Si jambo dogo. Utafiti wa mwaka 2018 katika jarida la *Science* ulikadiria kwamba hasara inayoletwa na wadudu katika mahindi, mpunga na ngano itaongezeka kwa asilimia 10 hadi 25 kwa kila nyuzijoto moja ya ongezeko, kwa sababu kwenye joto wadudu hula zaidi, na katika maeneo mengi huzaana haraka zaidi.

Kambi ya pili ni ya wahesabu. Hawa hawajengi mmea. Huchukua kumbukumbu za mavuno za miaka mingi, wakaziweka kando ya kumbukumbu za hali ya hewa na kuziacha zenyewe ziseme. Mwaka 2009 Wolfram Schlenker na Michael Roberts walifanya hivyo kwa kaunti za Marekani tangu mwaka 1950. Waliona mavuno ya mahindi yakipanda taratibu kadiri joto linavyopanda, hadi nyuzi 29. Baada ya hapo yanaporomoka, na mporomoko huo ni mkali kuliko ule upandaji.

Ugunduzi huo ulibadilisha swali lenyewe. Wastani wa joto wa msimu unaficha mengi. Kinachoumiza ni saa chache za mchana ambazo zebaki imevuka mstari.

Hazina iliyokuwa kabatini

Kwa Afrika tatizo lilikuwa kumbukumbu. Takwimu zetu za mavuno kwa kiasi kikubwa hutokana na makadirio: bwana shamba anapita, anatazama, anauliza, anaandika. Na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema kwamba vituo vya hali ya hewa barani Afrika ni takriban moja ya nane ya vinavyohitajika. Ukiziweka takwimu zenye ukungu kando ya vipimo vyenye mapengo, utapata jibu, ila utaliamini kwa shingo upande.

Ndipo David Lobell wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, akiwemo Cosmos Magorokosho wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, wakakumbuka kwamba takwimu nzuri zipo. CIMMYT na vituo vya utafiti vya nchi mbalimbali walikuwa wamefanya majaribio ya mbegu zaidi ya 20,000 kati ya mwaka 1999 na 2007. Hakuna aliyeyafanya kwa sababu ya tabianchi. Lengo lilikuwa kujua mbegu ipi inaishinda ipi. Lakini kila jaribio lilikuwa na tarehe, mahali, matunzo yanayojulikana na mavuno yaliyopimwa kwa mizani.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, ni miongoni mwa yanayonukuliwa sana kuhusu mahindi ya Afrika. Kila kipimo kimoja cha joto juu ya nyuzi 30, yaani nyuzijoto moja ya ziada iliyodumu kwa saa 24, hupunguza mavuno kwa asilimia 1 pale mvua inapokuwa nzuri, na kwa asilimia 1.7 pale kunapokuwa na ukame.

Tuiweke shambani. Tuseme mchana joto linafika nyuzi 32 na kukaa hapo saa sita. Hizo ni nyuzi mbili za ziada kwa robo ya siku, sawa na nusu kipimo. Siku 20 za namna hiyo katika msimu ni vipimo kumi. Aliyetarajia magunia kumi kwa ekari atapata tisa mvua ikiwa njema. Ikiwa haba, atakosa gunia na karibu robo tatu kutokana na joto peke yake, mbali na yale ambayo ukame wenyewe umekwisha kuyachukua.

> *Joto likipanda kwa nyuzi moja, asilimia 65 ya maeneo ya mahindi Afrika yatapoteza mavuno hata mvua ikiwa nzuri. Pakiwa na ukame, ni maeneo yote.*

Kwa Tanzania yenyewe, Pedram Rowhani na wenzake walichapisha mwaka huohuo hesabu iliyotumia takwimu za mikoa. Joto la msimu likipanda kwa nyuzi mbili ifikapo mwaka 2050, walikadiria, mahindi yatapungua kwa asilimia 13, mtama kwa 8.8 na mpunga kwa 7.6. Hapo walikuwa wanafanya kazi na takwimu zilezile za bwana shamba, kwa hiyo nukta zile za desimali zisimpe mtu imani ya bure. Mpangilio ndio wa kushika: mahindi ndiyo yanayoumia zaidi, mtama unastahimili kuliko mahindi. Wagogo wa Dodoma wangeweza kulisema hilo bila kompyuta.

Kahawa ina mashahidi wengi

Namba moja ya wahesabu inahitaji kutazamwa kwa makini kuliko zote, kwa kuwa imetumika sana. Mwaka 2015 watafiti waliochambua takwimu za kahawa ya arabika ya Tanzania za karibu nusu karne waliona kwamba mchawi ni usiku. Joto la chini la usiku likipanda kwa nyuzi moja, walisema, mavuno hushuka kwa kilo 137 kwa hekta.

Kibaiolojia hilo lina mantiki. Usiku wenye joto mmea hupumua zaidi na kuchoma chakula ulichokitengeneza mchana. Kwenye mpunga, watafiti wa Ufilipino walishaona mwaka 2004 kwamba nyuzi moja zaidi ya joto la usiku katika msimu wa kiangazi iliendana na upungufu wa asilimia 10.

Lakini nenda Marangu au Machame huko Kilimanjaro ukaulize kwa nini kihamba cha babu hakitoi tena kahawa kama zamani, na utasikia mengine kabla ya joto. Bei ilianguka. Vyama vya ushirika viliyumba. Mibuni imezeeka, vijana wameenda mjini, dawa ya chulebuni ni ghali, na nyanya au ndizi zinalipa haraka. Mambo hayo yalitokea katika miongo ileile ambayo usiku ulikuwa unazidi kuwa na joto. Vitu viwili vikipanda na kushuka pamoja kwa miaka arobaini, hesabu pekee haiwezi kuapa ni kipi kimekisababisha kingine. Siamini kwamba joto halina hatia Kilimanjaro. Naamini hatia yake ni ndogo kuliko kilo 137.

Wanasayansi wakigeuza kauli

Wenye mashaka na modeli hizi wana silaha nyingine. Mwaka 2021 timu ya kimataifa iliyoongozwa na Jonas Jägermeyr ilitoa makadirio mapya ya dunia nzima. Kizazi kilichopita cha modeli kilikuwa kimesema kwamba, uchafuzi ukiendelea kwa kasi, mahindi ya dunia yangeongezeka kwa asilimia 1 ifikapo mwisho wa karne. Makadirio mapya yakasema yatapungua kwa asilimia 24. Ngano yenyewe ikapandishwa, kutoka ongezeko la asilimia 9 hadi 18.

Kutoka kuongeza moja hadi kupunguza ishirini na nne! Mtu ana haki ya kuuliza kama hao ni wataalamu au wapiga ramli.

Jibu ni kwamba viungo vilibadilika. Modeli mpya za tabianchi zilionyesha joto kubwa zaidi, na modeli za mimea zilirekebishwa. Tofauti ya ngano na mahindi nayo ina sababu inayojulikana. Hewa ya ukaa ni chakula cha mmea, na ngano, mpunga na maharage hunufaika ikiongezeka. Mhindi, kama mtama na muwa, una njia yake ya kuikusanya hewa hiyo ndani ya jani, kwa hiyo ziada haiusaidii sana. Zile modeli 23 za Morogoro na wenzake zilipopewa hewa ya ukaa maradufu, ziliongeza mavuno kwa asilimia 7.5 tu.

Ukiangalia siasa yake, hilo linauma. Zao ambalo hewa chafu inalinufaisha ndilo linalolimwa kwa wingi Ulaya, Urusi na Kanada. Linaloumia ndilo ugali wetu.

Njombe hawalii

Si kila mahali pataumia. Mwaka 2003 Peter Jones na Philip Thornton walikadiria kwamba mahindi ya Afrika na Amerika ya Kusini yangepungua kwa asilimia 10 tu ifikapo mwaka 2055, wakaonya palepale kwamba wastani huo umeficha tofauti kubwa mno. Nyanda za juu za Afrika Mashariki ni sehemu ya kile kilichofichwa.

Kadiri unavyopanda mlima joto hushuka, kama nyuzi sita kwa kila mita elfu. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahindi hukaa shambani miezi sita na zaidi yakisubiri akiba yao ya joto itimie. Hapo nyuzi moja zaidi inaweza kuwa baraka. Vivyo hivyo kwa sehemu za Bonde la Ufa nchini Kenya. Lakini baraka hiyo ina kikomo, na ardhi ya juu haitoshi kuwabeba wote wa chini: mlima kadiri unavyokwenda juu ndivyo unavyokuwa mwembamba.

Umuhimu wa nyanda hizo ulionekana mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia na Tanzania ikakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Ghala la taifa linategemea mikoa ya kusini kuliko tunavyokiri. Hapo ndipo hesabu za joto zinapoacha kuwa za maprofesa: kama Ruvuma na Rukwa zitapoteza au zitapata ni swali la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na jibu linatofautiana wilaya kwa wilaya, hata kata kwa kata.

> *Wastani wa bara hauli ugali. Anayekula ni mtu wa kata fulani, mwenye udongo fulani, aliyepanda tarehe fulani.*

Mbolea kwanza?

Wako wanaosema mjadala wote huu ni wa anasa. Mkulima anavuna tani moja na nusu palepale ambapo kituo cha utafiti kinavuna nne au tano kwa mvua ileile. Pengo hilo, wanasema, ni kubwa kuliko chochote ambacho joto litachukua. Mpe mbolea, mbegu chotara, barabara na soko, halafu tuzungumzie mwaka 2050. Serikali kwa kiasi imeufuata mkondo huo: bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na sehemu kubwa ilielekezwa kwenye umwagiliaji na ruzuku ya mbolea.

Nakubaliana nao kwa nusu. Modeli zenyewe zinawaunga mkono kwa namna ya ajabu: zinapopewa shamba lisilo na mbolea, joto hulipunguzia kidogo, kwa sababu njaa ya nitrojeni imeshachukua sehemu kubwa. Maskini ana kidogo cha kupoteza. Lakini geuza sarafu. Kadiri mkulima anavyotia mbolea na kukopa ili aitie, ndivyo joto linavyopata cha kumnyang'anya, safari hii pamoja na deni. Ruzuku ya mbolea bila hesabu ya joto inamwongezea mtu mavuno na hatari kwa mkupuo mmoja.

Nusu nyingine nisiyokubaliana nayo ni ile dhana kwamba wakulima watajirekebisha wenyewe polepole. Marekani, yenye bima, mikopo na maabara za mbegu, haijafanikiwa. Marshall Burke na Kyle Emerick walilinganisha mwaka 2016 jinsi mahindi yalivyoitikia joto la ghafla na lile la miongo. Kujirekebisha kulikuwa kumefuta chini ya nusu ya madhara, na huenda hakukufuta chochote.

Mbegu inayochelewa

Jambo lisilovumilia kusubiri ni mbegu. Andrew Challinor wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzake walikokotoa mwaka 2016 muda unaopita tangu mtafiti aanze kuchanganya mbegu hadi mkulima aipande: kati ya miaka 10 na 30 barani Afrika. Katika muda huo joto linapanda. Mbegu iliyochaguliwa kwa kukomaa siku 106 inamfikia mkulima ikikomaa siku chache zaidi, na magunia yaliyoahidiwa kwenye kipeperushi hayapo.

Wakapendekeza njia tatu: kufupisha muda wa kuzalisha na kusambaza mbegu, kupunguza uchafuzi unaopandisha joto, au kuchagua mbegu leo katika joto la kesho. Ile ya tatu inaweza kuanza msimu ujao. Anayetaka nyuzi mbili zaidi hana haja ya kujenga nyumba ya vioo. Ashuke mita 300 hivi kutoka kituo chake, ambako kuna mashamba tayari. Mbegu za Iringa zijaribiwe chini kuelekea Ruaha, za Arusha zijaribiwe kuelekea Magugu.

Na kila jaribio liwe na kipimajoto chake, kilichofungwa katikati ya mahindi, kinachoandika saa kwa saa. Yale majaribio 20,000 ya CIMMYT ilibidi yakadiriwe joto lake kutoka vituo vya hali ya hewa vilivyokuwa mbali. Kifaa cha kuandika joto kwa msimu mzima leo kinauzwa kwa bei ya mifuko michache ya mbolea. Wilaya inayolima mahindi ikiwa na vifaa kumi tu, pamoja na mavuno yaliyopimwa kwa mizani kwenye mashamba hayohayo, baada ya misimu mitano itakuwa na namba yake yenyewe ya magunia kwa nyuzijoto, wala haitalazimika kuazima ile ya Iowa.